Mume wangu alikuwa akibeba mizigo, sasa asema mzigo ni yeye

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mtongwe, upande wa Likoni. Nakuandikia saa tisa za usiku. Unga wa mahamri nishaukanda, nasubiri uumuke. Huu ndio wakati pekee nyumba hunyamaza, na hata sasa haijanyamaza, maana namsikia baba watoto chumbani akijaribu kugeuka. Kwanza hushusha pumzi. Kisha kitanda hulia. Kisha kimya kirefu, halafu "ah" moja ndogo, ya mtu anayeona haya kusikika. Nikiisikia hiyo najua bado robo saa kabla hajaweka miguu chini.

Mume wangu alikuwa hamali kwenye maghala ya Shimanzi. Kibarua, malipo ya kutwa. Miaka mitatu nyuma gunia la sukari la kilo 50 lilimponyoka mwenzake, yeye akalipokea kwa mgongo. Mwenye ghala alimpa shilingi 3,000 na pakiti mbili za sukari, akamwambia akipona arudi. Alirudi mara mbili, na mara zote mbili aliletwa nyumbani kwa tuktuk.

Tangu hapo mgongo umekuwa mtu wa sita humu ndani, na ndio unaokula kuliko sisi sote. Nina daftari, binti yangu ndiye aliyenipigia mistari. Dawa za duka la dawa, zinazokuja kwenye bahasha ya kaki, 150 kila siku. Sindano 300, mara mbili kwa wiki. Hijama, ile ya kuumikwa, 1,000 kwa mwezi. Hapo sijatia mkanda wa mgongo tulionunua 2,500, mafuta ya kuchua, kombe, wala picha ya MRI ya 18,000 tuliyolipia baada ya kuuza friji. Kodi ya chumba nadaiwa miezi miwili. Pesa za mahamri zikiingia kwenye simu, Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, inazikata kabla sijaziona.

Dawa zenyewe zamsaidia, siwezi kusema uongo. Akimeza hupata nusu siku. Siku tusipokuwa na 150, huwa balaa, mwili wote wamlegea na hata kichefuchefu kumshika. Watu wananiambia mumeo amenawiri, uso umejaa mashavu. Mimi naona uso umejaa, tumbo limetoka, lakini mapaja yamekwisha. Mtoto akimshika mkono kwa nguvu, hubaki alama ya zambarau. Usiku anakunywa maji kama aliyetoka safari, na kiungulia hakimwachi.

Picha ilisema diski katikati ya pingili za chini za mgongo, L4 na L5, imechomoza. Baada ya hapo tukaletewa bwana mmoja anayepeleka wagonjwa India. Asema mgongo huo hauna dawa ila kisu, na kwa tikiti na malazi jumla ni laki tisa. Mimi nina bangili nne za dhahabu, za marehemu mama, alizonivika siku ya harusi. Sonara wa Mji wa Kale amezipima, akanitajia laki tatu na themanini. Zilizobaki tuitishe harambee.

Mume wangu hataki. Asema, "Mimi nilikuwa nikibeba mizigo, sasa mzigo ni mimi." Juzi akaongeza kwamba heri angeondoka, sote tukapumzika. Sikumjibu. Nilimgeuzia mgongo nikaendelea kukuna nazi. Kazi hiyo zamani ilikuwa yake, lakini sasa hawezi kukaa kwenye mbuzi.

Shemeji yangu asema kaka yake anajifanya, eti alimuona Ijumaa kwenye baraza ya kahawa akicheka na wenzake. Na hili ndilo linalonitia aibu, Shangazi: siku nyingine namwamini shemeji. Siku nyingine namkasirikia mtu mgonjwa. Namtazama amelala, nami vifundo vya mikono vyaniwaka kwa kukanda, nasema moyoni, mimi nani ataniuliza?

Niuze bangili?

Mama Mahamri, Mtongwe

---

Marahaba, mwanangu.

Bangili zako zivae. Usiziuze. Nitakueleza sababu, lakini yako mambo mawili yasiyongoja, nayo ni makubwa kuliko dhahabu.

La kwanza ni lile neno la juzi. Ulimgeuzia mgongo kwa sababu lilikuogopesha, na mtu yeyote angeogopa. Leo, watoto wakishalala, kaa naye umuulize waziwazi: "Uliposema heri uondoke, ulikuwa na maana ya kujiua?" Usizunguke. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani, kunampa pa kulitua. Mtu aliyezoea kubeba kwa kichwa na mabega anajua tofauti ya kusimama na mzigo na kuuweka chini. Akikubali, usimwache peke yake, dawa zote zikae kwako, na umpeleke hospitali siku hiyohiyo umwambie daktari kwa maneno yaleyale aliyokwambia yeye. Akikataa, bado daktari aambiwe. Maumivu ya miaka mitatu huuchosha moyo kama yanavyouchosha mgongo, na moyo uliochoka huyafanya maumivu yawe makali zaidi. Vyote viwili vina matibabu.

La pili ni ile bahasha ya kaki. Nimeisoma barua yako mara nne, na kila mara nasimama palepale: uso umejaa, tumbo limetoka, mapaja yamekwisha, ngozi yachubuka kwa kushikwa tu, kiu ya usiku. Mimi si daktari, lakini nimeziona nyuso hizo Mombasa hii, nami nashuku sana kwamba ndani ya bahasha hiyo mna steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, kama prednisoloni au deksamethasoni, iliyochanganywa na diklofenaki, dawa ya maumivu. Ni mchanganyiko unaomwinua mtu kitandani kwa saa chache, ndiyo maana unauzika. Lakini steroidi ikimezwa kila siku kwa miezi hupandisha sukari na presha, hula misuli na mifupa, na hulijaza uso mtu akadhaniwa amenona. Diklofenaki nayo ikitumika muda mrefu hutoboa tumbo na kuumiza figo, na zikikutana hizi mbili hatari ya vidonda vya tumbo huongezeka sana. Na zile sindano, ukiuliza, huenda ukaambiwa ni diklofenaki vilevile. Basi anaipata dawa moja kwa milango miwili.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo mtu mwenye nia njema anapoweza kuua. Usimnyang'anye vidonge hivyo ghafla. Juu ya figo kuna tezi mbili zinazotengeneza steroidi ya mwili wenyewe. Steroidi ya dukani ikiingia kila siku, tezi hizo hulala. Ukiikata kwa siku moja, mwili hubaki bila ya dukani wala ya kwake, na mtu huweza kutapika, kulegea, presha ikashuka hadi akaanguka. Ule ulegevu na kichefuchefu cha siku mnapokosa 150, mimi sidhani ni mgongo. Hupunguzwa kidogo kidogo, kwa wiki au miezi, chini ya mkono wa daktari. Kwa hiyo chukua bahasha, na vidonge vikiwa ndani, rudi kwa aliyekuuzia umwambie akuandikie majina ya kila kidonge. Ni haki yako. Akikataa, vipeleke hivyohivyo. Wakati huohuo mtazame chooni. Choo kikiwa cheusi kama lami, au akitapika damu, usingoje asubuhi.

Mwende wapi? Kama hamjajiandikisha SHA, bima ya afya ya serikali, jiandikisheni kwa simu, *147#, kusajiliwa ni bure. Aliyesajiliwa hutibiwa kwenye zahanati na vituo vya afya vya serikali vya ngazi ya 2 na ya 3 bila ya kulipa. Hapo apimwe presha na sukari, na mwombe barua ya rufaa. Kwa hospitali kubwa ndipo michango inapohitajika. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi kwa nyumba nzima, chenu kitategemea tathmini ya kipato, na anayeishi kwa biashara ndogo hulipia mwaka mzima. Kwa kiwango hicho cha chini ni 3,600. Lifungue daftari lako: bahasha peke yake ni 4,500 kwa mwezi.

Na kwa kuwa daftari liko wazi, hebu tulijumlishe. Bahasha 4,500, sindano 2,400, hijama 1,000. Ni 7,900 kwa mwezi, 94,800 kwa mwaka. Sikusemi, mwanangu. Mia na hamsini ya leo hupatikana, elfu kumi ya pamoja haipatikani, na maumivu hayangoji mtu aweke akiba. Hivi ndivyo maumivu yanavyowamaliza watu wa kutwa: huwatoza kidogo kidogo, kila siku, kwa ajili ya siku hiyo moja tu. Katika hizo 94,800 hamna hata shilingi iliyokwenda kumrudishia nguvu za mgongo. Zote zimekwenda kuunyamazisha.

Tuje kwenye India. Unajua hiyo diski iliyochomoza inaonekana kwa watu wangapi wasioumwa kabisa? Mwaka 2015 ulichapishwa uchunguzi uliokusanya picha za watu zaidi ya 3,000 ambao hawana maumivu ya mgongo. Wenye umri wa miaka 40, nusu yao diski zilikuwa zimechomoza, na hawajui. Diski huchakaa na umri kama nywele zinavyoota mvi. Picha ya mume wako haisemi uongo, lakini haithibitishi kwamba hapo ndipo panapouma, sembuse kwamba papasuliwe. Kisu husaidia pale diski inapobana mshipa wa fahamu, maumivu yakashuka mguuni hadi chini ya goti, mguu ukafa ganzi au ukapoteza nguvu, na hata hao wengi hupata nafuu bila kupasuliwa. Wewe barua nzima hukutaja mguu. Na ikithibitika kweli anahitaji, upasuaji wa mgongo hufanywa hapahapa Kenya. Bwana yule muulize swali moja: kama mume wangu hakusafiri, wewe wapata nini?

Yapo mambo ambayo yakitokea hayana mjadala. Akishindwa kuuzuia mkojo au choo, akifa ganzi sehemu anazokalia, au miguu ikimlegea kwa ghafla, ni hospitali saa hiyohiyo. Akiwa na homa za jioni, jasho la usiku na kukonda, mwambie daktari atazame kifua kikuu cha uti wa mgongo. Kifua kikuu hakikai mapafuni tu, na dawa zake hospitali za serikali ni bure.

Mengine yote yanarudi kwenye jambo ambalo halina dalali wa kuliuza, yaani kutembea na mazoezi. Shirika la Afya Duniani lasema watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya mgongo wa chini mwaka 2020, na mwongozo wake wa mwaka 2023 kwa maumivu sugu unapendekeza mgonjwa aelezwe hali yake, afanye mazoezi, akandwe, asaidiwe na upande wa moyo. Mikanda ya mgongo haupendekezi. Ule wenu wa 2,500 mwekeni pembeni bila majuto. Hijama kama inampa faraja simkatazi, lakini isitangulie mbele ya kodi. Kombe na dua ni vyenu na Mola wenu.

Daktari akimpa barua ya rufaa, mwombeni aandike na fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi, hospitali ya Coast General wana kitengo hicho. Vukeni feri baada ya saa nne asubuhi, msukumano umepungua. Msiende mkitaka kuchuliwa. Nendeni mkitaka kufundishwa mazoezi ya kufanya nyumbani kila siku, ili safari ziwe chache. Wiki za mwanzo ataumwa zaidi, na mtadhani mnaharibu. Ni misuli iliyolala miaka mitatu. Aanze kwa kutembea hadi duka la kona na kurudi, hata kama ni mara moja, wiki ijayo aongeze nyumba mbili. Kitanda kimemla zaidi ya gunia.

Humohumo jikoni mwako pana kazi yake. Mbuzi hapana, kile kikao cha chini kitamvunja, nazi zikunwe dukani kwa mashine. Lakini meza yako ya kukandia iinueni kwa matofali hadi ifike kiunoni. Akisimama ataweza kukata na kusukuma mahamri, akichoka aketi, akichoka kuketi asimame. Vifundo vyako vitapumzika pia. Sikwambii hivi kwa ajili ya mahamri tu. Mwanamume aliyesema mzigo ni yeye anahitaji kushika kitu kinachouzwa.

Shemeji yako. Mimi nataka umuulize, Ijumaa ulimuona barazani, je, Jumamosi ulimuona? Maumivu ya muda mrefu hayakai mahali pamoja. Mishipa ya fahamu iliyotiwa hofu mara moja huwa kama mbwa wa nyumba iliyoibiwa: abweka mwizi akija, na abweka hata upepo ukitikisa mlango. Mbwa kweli anabweka, hajifanyi. Na kicheko cha wenzake hupunguza maumivu, huo ni mwili unavyofanya kazi, si ushahidi wa uongo. Heri kila Ijumaa aende. Shemeji huyo mpe kazi: siku ya hospitali ashike foleni na kaka yake, akae naye saa nne kwenye benchi la mbao. Atakaporudi hatahitaji kuambiwa.

Ghala la Shimanzi nitalitaja kwa ufupi kwa sababu linanichoma. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri aripoti ajali kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndani ya siku 7, na madai hutakiwa kuwasilishwa ndani ya miezi 12. Ninyi mmechelewa. Nendeni ofisi ya kazi mkaulize, lakini msiweke matumaini yenu hapo. Naandika zaidi kwa ajili ya mama mwingine ambaye mumewe ameletwa kwa tuktuk wiki hii: chukua majina ya walioshuhudia, pata karatasi ya hospitali yenye tarehe, na usikubali elfu tatu na sukari ziwe ndio mwisho wa habari.

Sasa wewe. Umeuliza nani atakuuliza, nami nakuuliza. Nilimuuguza mama yangu miaka saba, magoti, hawezi kufika chooni peke yake. Siku moja nilimwekea kikombe cha chai kwa hasira, chai ikamwagika kwenye shuka, na yeye ndiye aliyeniomba radhi. Sijamwambia mtu hilo mpaka leo. Hasira yako haikufanyi mtu mbaya. Wewe waamka saa tisa, wala hujalala mchana tangu lini? Hiyo ni hasira ya uchovu, na huna pa kuipeleka kwa sababu anayeumwa anaonekana na anayebeba haonekani. Mwambie mumeo. Si kwa kumlaumu, mwambie tu, "Nami mikono yaniuma." Mtu wa maumivu huumia zaidi akidhani nyumba nzima inamficha. Na binti yako mkubwa amuangalie baba yake asubuhi mbili kwa wiki, nawe ukimaliza kuuza, ulale. Usifue.

Bangili alikuvika mama yako kwa siku ya dhiki, najua utasema hii ndiyo siku yenyewe. Huenda siku hiyo ikaja, daktari wa hapa akawaambia kwa maandishi kwamba kisu kinahitajika. Zikiwa mkononi mwako mtakuwa na pa kushika. Zikishauzwa kwa safari ambayo hakuna daktari aliyeiagiza, hazirudi.

Jumatatu nenda na bahasha. Wakishampima uniandikie, hata mistari miwili, na usisahau kunitajia vile vidonge vilikuwa nini.

Shangazi